Risiti Zilizokatwa Kola

Ofisa wa kodi wa dirisha la nne aliuliza swali moja, na Mama Kola akavuta mtandio wake mpaka ukamfunika kifua chote.

"Mama, unalala wapi?"

Alikuwa mjane wa mwaka wa kumi na mbili. Tangu mumewe azikwe, hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza hivyo, sembuse mchana kweupe, mbele ya foleni ya watu, kalamu mkononi. Nyuma yake mtu alikohoa. Mwingine alichekea puani.

"Swali gani hilo, mwanangu? Wewe ni sawa na kitindamimba wangu."

"Ni la kazi, mama. Usiku unalala upande huu wa daraja au ng'ambo?"

"Upande huu. Kwangu, kitandani kwangu, peke yangu, kama na hilo unataka kuliandika."

"La peke yako halihitajiki," alisema ofisa bila kucheka. "Siku ngapi kwa mwaka?"

"Zote. Mimi si popo."

Ofisa akaandika, kisha akageuza barua ili naye aione. Barua hiyo ilimfikia juzi yake na hakuielewa. Alichokielewa ni ile nambari ya chini, na alidhani wamekosea kuweka nukta. Hawakukosea. Kwa kuwa alilala upande huu mwaka mzima, sheria ilimhesabu kuwa mkazi, na mkazi hutozwa kodi ya mapato yake yote, hata yale aliyoyapata akiwa ng'ambo. Walikuwa wamehesabu miaka sita, na adhabu juu yake. Ungeuza nyumba yake ya vyumba viwili, ukauza na kitanda kile alichoulizwa habari zake, bado usingefika.

Mama Kola aliitazama nambari ile tena, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.

Nilimfahamu siku hizo kwa sababu ya zipu. Begi langu lilinipasukia mpakani, na kibali changu cha kuvuka na mizigo kilichukua karibu mwezi, nikawa sina pa kukaa isipokuwa kwenye benchi la wateja wake. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinisimulia yeye na mengine wifi yake, na mahali waliposimulia tofauti nitasema.

Alikuwa fundi wa sare za shule. Jina la Mama Kola alipewa na wateja, kwa kuwa mashati yake yalichakaa mgongo, yakatoboka viwiko, lakini kola ikabaki imesimama kama siku ya kwanza ya muhula. Kila asubuhi alivuka daraja kwa miguu, akawasalimu walinzi wa huku, akawasalimu walinzi wa kule, akageuka kushoto penye duka la vipuri, akafika kwenye karakana: chumba kimoja kirefu chenye cherehani tatu, meza ya kukatia, na kaunta mbele. Jioni alirudi. Miaka kumi na mmoja hivyo, isipokuwa wiki tatu alipolazwa.

Kwenye kaunta aliketi wifi yake, dada mdogo wa marehemu mume. Huyu aliolewa ng'ambo zamani na ni raia wa kule. Alijua ofisi za kule, alijua mwenye jengo, alijua wauza vitambaa na udhaifu wa kila mmoja. Mama Kola alipoanza biashara, mgeni, mjane, asiyejua hata pa kununua uzi, wifi alimwambia, "Wewe lete mkono, mimi nilete mdomo." Wakapatana hivyo. Mmoja alikata na kushona, na mwingine alipokea wateja, akalipa kodi ya chumba, na mwisho wa mwaka akapeleka kodi ya mapato katika ofisi ya kule na kuleta risiti.

Balaa hili Mama Kola alijitafutia mwenyewe, kwa majivuno ya dakika mbili. Shule moja ya upande huu ilitangaza zabuni ya sare, na fomu yake ilikuwa na mstari wa mapato ya biashara kwa mwaka. Aliona haya kuonekana mdogo mbele ya mafundi wenye maduka ya vioo. Akahesabu mashati yote yanayotoka karakanani, akazidisha kwa bei, akaandika jumla, na penye cheo akaandika kwa herufi kubwa: MWENYE KARAKANA. Zabuni hakuipata. Ila fomu iliendelea na safari yake, kutoka shule hadi halmashauri, kutoka halmashauri hadi dirisha la nne.

"Lakini nalipa kule," alimwambia ofisa. "Kila mwaka nalipa. Mtu mmoja anakamuliwaje mara mbili?"

Ofisa alikuwa kijana mwenye subira ya mtu aliyekwisha kutukanwa sana. Alimweleza kwamba nchi hizi mbili zina mapatano. Kodi aliyolipa kule hutolewa kwenye ile anayodaiwa huku. Kama kule alilipa kumi na huku ni kumi na mbili, huku wanachukua mbili tu. "Ila lazima nione risiti. Za miaka yote sita, ndani ya siku thelathini. Pasipo risiti, kwangu mimi hujalipa."

Mama Kola alicheka, kwa mara ya kwanza tangu apate barua. "Risiti zote ninazo."

"Zimehifadhiwa vizuri?"

"Hazijakunjika hata pembe."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini alipofika katikati ya daraja alisimama ghafla, mtu wa baiskeli akamkwepa na kumsonya, naye hakusikia. Alikuwa amekumbuka ziko wapi.

Fundi huhitaji paterni, yaani vipande vya karatasi ngumu anavyoviweka juu ya kitambaa na kuchora kuvizunguka, ili mashati mia yatoke kama shati moja. Manila ya madukani hulegea. Baada ya muhula mmoja ncha zinakuwa kama sikio la mbwa. Lakini risiti ya kodi ya ng'ambo ilikuwa ndugu ya noti. Pana kama kitabu kilichofunguliwa, nzito, yenye nyuzi ndani, haichaniki kwa mkono. Wifi alipoleta ya kwanza, Mama Kola aliitazama tarakimu, akaona ni ile ile pesa aliyoambiwa, kisha akaipapasa kama anayechagua kitambaa. Jioni hiyo aliibandika juu ya manila kwa gundi ya unga, upande wa maandishi chini, upande mtupu juu ili aandike vipimo. Akaikata. Risiti moja ilitoa kola, kisimamio chake kinachoishika shingoni, kafu mbili za mikono na mfuniko wa mfuko. Ndiyo siri ya kola zake kusimama. Mchoro haukuwahi kupotoka hata unywele. Mwaka uliofuata akakata saizi nyingine. Zikawa kumi na moja, zimetungikwa kwenye misumari ukutani, kila saizi na msumari wake.

Risiti za upande huu hakuwahi kuzijali hivyo. Ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Hizo alizitupia kwenye kopo la biskuti nyumbani, akazisahau.

Aliingia karakanani bila salamu.

"Wifi, umeona jini?" aliuliza wifi.

"Heri jini. Jini halitozi adhabu." Akamwekea barua kwenye kaunta.

Wifi aliisoma mara mbili. Nilimwona akitafuta la kusema na kukimbilia utani, kama wafanyavyo mawifi wakiogopa. "Nilikwambia zabuni ile uiache. Kola yako imesimama mpaka imekuziba macho."

"Nicheke baadaye. Anataka risiti."

Wote wawili waligeuka kutazama ukutani.

"Hizo ziache," wifi alisema. "Kesho nakwenda ofisini kuomba nakala. Wewe shona."

Alikwenda, hilo nina hakika, kwa kuwa alirudi na karatasi ya miadi. Nakala zingetoka baada ya siku sitini.

"Mimi sina sitini. Nina ishirini na sita." Mama Kola alishusha kola ya msumari wa kwanza, akaipindua, akaipapasa kingo. "Gundi ya unga hulegea kwa mvuke. Washa pasi."

"Utaziharibu paterni zote. Shule zinafunguliwa mwezi ujao."

"Nyumba ikienda nitalala wapi? Na yule bwana hana haja na jingine, anataka kujua ninapolala. Washa pasi, wifi."

Walifanya kazi juu ya meza ya kukatia. Wifi alishika pasi na kupuliza mvuke. Mama Kola alibandua kwa upande butu wa kisu cha kuondolea nyuzi. Mtu mwingine yeyote angeona takataka za karatasi. Yeye alijua kila kipande kilikotoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekikata: mfuniko wa mfuko ulikaa juu kulia, kafu zilikaa pembeni, kisimamio katikati, na kola yenyewe aliikata chini kabisa, kwenye ukingo ulionyooka. Alivipanga juu ya kitambaa cheupe na kuvishikiza kwa pini. Mfuniko wa mfuko ukatoa nembo ya serikali. Kafu ya kushoto ikatoa mwaka. Kisimamio kikatoa kiasi cha pesa, chote, na muhuri juu yake, na Mama Kola akasema, "Alhamdulillahi," akajipangusa jasho. "Huu hapa. Mwambie yule bwana aje alale nao."

Wifi hakucheka. "Hiyo kola iache," alisema. "Imeshiba gundi, itachanika. Anachotaka ni kiasi na muhuri."

"Anataka risiti, hakusema vipande vya risiti. Leta mvuke."

Kola ilitoka polepole, kutoka ncha hadi ncha. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mdogo uliochapishwa. Mlipaji, kisha nukta mbili, kisha jina. Mama Kola alilisoma huku midomo ikicheza. Halafu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

Alikwenda kwenye msumari wa pili, akashusha kola, akaipindua. Wifi alipuliza mvuke kama aliyeamriwa, ingawa hakuna aliyemwamuru. Ya pili, ya tatu, ya nne. Jina lilikuwa lile lile, kwenye ukingo ule ule ulionyooka.

"Wifi. Hapa pameandikwa mlipaji."

"Ndiyo."

"Mlipaji ni yule aliyebeba pesa kuipeleka, sivyo?"

Wifi aliiweka pasi kwa kisigino chake. Ikabaki imesimama, inahema peke yake. "Mlipaji ni mwenye biashara," alisema.

Juu ya kaunta, karibu na dari, kulikuwa na fremu yenye leseni. Ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, na vumbi la vitambaa limeipaka maziwa. Mama Kola alivuta kiti. Ana miaka hamsini na minane na magoti yasiyopenda ngazi. Alipanda, akashika ukuta, akafuta kioo kwa kiganja, akasoma. Alikaa juu pale muda mrefu kupita unaohitajika kusoma mistari sita. Nilinyanyuka kumshika mkono asianguke. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama mkasi.

"Si tulisema mwezi mmoja," alisema, akiwa bado juu ya kiti.

"Tulisema."

"Mgeni alitakiwa kuweka dhamana, pesa hatuna, tukasema wewe uandikishe mwezi mmoja tu, nikipata kibali tubadilishe."

"Ndiyo hivyo."

"Mwezi huo haujaisha?"

Wifi aliketi. Hapa ndipo masimulizi yao yanapoachana. Mama Kola anasema wifi alitazama chini tu. Wifi anasema alieleza kila kitu, na mimi nilimsikia akieleza, ingawa sijui kama mwenzake alikuwa anasikia. "Mwaka wa pili nilitaka kukwambia, ukawa unajenga choo. Mwaka wa tano ukaugua. Baadaye niliogopa. Kuandikisha biashara ya mgeni kwa jina lako kule ni kosa, wangenifungia. Nikasema, kuna ubaya gani? Unashona, tunakula, kodi inalipwa. Sijawahi kuruka mwaka. Nikamatwe kwa lipi?"

"Risiti nimezishika kwa mkono wangu miaka kumi na mmoja," Mama Kola alisema. "Nikazilaza kifudifudi."

Walikwenda pamoja dirisha la nne, siku ya ishirini na mbili. Vipande vilishonewa kwenye kitambaa cheupe kwa mshono mrefu, kila mwaka na kitambaa chake, kwa kuwa fundi hatembei na kitu kilichoshikizwa kwa pini. Ofisa alitandaza cha kwanza juu ya meza. Watu wa foleni walinyoosha shingo. Alisoma nembo, mwaka, kiasi, akafika kwenye kola, akasimama. Alitandaza cha pili. Kisha aliwaomba wapite ndani, kwenye chumba chenye viti.

"Mama, hizi ni halali. Nambari nimezitazama, zinakubali. Lakini si zako." Alisema hivyo kwa upole, kama anayerudisha mtoto wa watu. "Kodi iliyolipwa na mtu mwingine siwezi kukupunguzia wewe. Kwa hiyo naomba unijibu kweli tupu, kwa sababu jibu lako ndilo nitakaloandika. Karakana ni ya nani?"

"Yangu."

"Leseni ina jina la nani?"

"La wifi."

"Mkataba wa chumba?"

Alimtazama wifi. Wifi akatikisa kichwa kukubali.

"Wifi."

"Akaunti ya benki?"

"Wifi."

"Vitambaa nani anaagiza? Bei nani anapanga?"

"Wifi. Yeye ndiye mdomo. Mimi ni mkono."

"Na pesa zako unazipataje?"

"Wifi hunipa. Kila Jumamosi."

"Anakupa faida?"

"Hunipa changu."

"Chako ni kiasi gani?"

Mama Kola alikitaja. Alikitaja kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saizi ya shati, na mara baada ya kukitaja akakisikia. Nadhani hakuwahi kukisikia kabla ya hapo. Ofisa alikizidisha kwa wiki za mwaka kwenye pembe ya karatasi, akakizungushia duara.

"Na kinachobaki?"

"Wifi huweka. Cha duka."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aligeuka kumtazama wifi yake kama anavyotazama mteja, kuanzia chini. Viatu vya ngozi. Gauni la kitambaa ambacho karakanani hawakati. Wifi alivuta miguu chini ya kiti.

"Cherehani je?" ofisa aliuliza.

"Zangu." Hili alilisema haraka. "Zote tatu. Nilizinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu, kabla sijavuka daraja hata siku moja."

"Una karatasi?"

Mama Kola alipapasa mkoba wake. Alikuwa mtu ambaye kwa wiki tatu amekuwa akiona karatasi zake zote zikigeuka. "Nilikuwa nazo," alisema.

Wifi akasema polepole, "Kule nimeziandika katika mali za duka. Walitaka orodha."

Ofisa alilaza kalamu. "Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari."

"Daftari lipo, mwanangu," Mama Kola alisema. "Ni la wifi."

Ofisa akamweleza njia zilizobaki. Akisema karakana ni yake, hatamkatalia. Lakini faida itakuwa yake, kodi ya kule itakuwa imelipwa na mwingine, na deni lote la miaka sita litabaki pale pale, pamoja na nyumba. Akikubali kile ambacho majibu yake mwenyewe yanasema, basi yeye ni fundi mwajiriwa wa ng'ambo anayelala upande huu, na kinachoangaliwa ni mshahara wake tu. "Na mshahara huu," alisema, akigonga lile duara kwa kidole, "haufiki."

"Haufiki wapi?"

"Kiwango cha kuanza kutozwa. Uko chini yake. Hudaiwi kitu, mama. Wala hukuwahi kudaiwa."

Ilikuwa habari njema. Ofisa mwenyewe alitabasamu, akidhani ni habari njema. Mama Kola aliweka mikono juu ya mapaja, viganja juu, kama anayesubiri kupewa kitu. Kisha aliomba kalamu. Alisaini: fundi mwajiriwa. Herufi zake zilikuwa nzuri. Karatasi ya pili ilikuwa ya wifi. Ofisa alimsomea: nakala ya maelezo haya itapelekwa kwa wenzao wa ng'ambo, nao watataka kujua kwa nini mwajiri hakuwahi kumwandikisha mfanyakazi wake, michango ya uzeeni iko wapi, na likizo za miaka kumi na mmoja zilikwenda wapi.

"Mwajiri nani?" wifi aliuliza.

"Wewe, mama."

"Mimi hata kifungo sijui kushona."

"Haihitajiki," ofisa alisema.

Daraja walilivuka hadi katikati. Hapo, mahali wanapoachana kila jioni, wifi alimshika mkono.

"Wifi, nyumba yako imepona."

"Imepona."

"Mwenzangu, sema neno. Nitukane."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Kola alisema. "Na nguo nimeishona mwenyewe. Nimtukane nani?"

"Kesho utakuja?"

"Bosi ni wewe. Niambie saa."

Wifi, ambaye mdomo ulikuwa ndio kazi yake, alisimama pale hata baada ya mwenzake kuteremka upande wa pili.

Nilidhani hatakuja. Niliwahi mapema kuchukua begi langu, kibali kikiwa kimetoka, nikamkuta wifi ameshafungua, amefagia, ameketi kwenye kaunta na daftari jipya mbele yake na hajui aandike nini. Misumari ukutani ilikuwa mitupu. Saa mbili kamili Mama Kola aliingia, akasalimu, akaketi kwenye cherehani yake lakini hakuondoa kifuniko chake.

"Leo nimeamka nikitafuta chumvi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kopo la chumvi nikalikosa, nikashika la biskuti."

Alichomoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, nyembamba, imekuwa rangi ya chai. Alikwenda akaiweka juu ya daftari jipya na kuilainisha kwa kiganja. Ilikuwa risiti ya upande huu, dhaifu kiasi kwamba haikuwahi kufaa hata mfuniko wa mfuko. Kupitia kwake ungeweza kuona mistari ya daftari iliyo chini.

"Mimi umeniajiri, sawa, nimesaini," alisema. "Cherehani hizi tatu hukuziajiri. Hizi zitalipwa kwa mwezi, kila moja peke yake, kwa maandishi. Au leo jioni naita mkokoteni zikalale kwangu."

Wifi hakugusa kilichoandikwa juu, wala nambari za cherehani, wala bei. Aliinama karibu na karatasi, akaweka kidole kwenye ukingo wa chini, na akaanza kusoma kutoka hapo, penye jina la mnunuzi.